Tanga Lisiloteremka: Kila Meli ya Kitalii na Bandari Yake

Mazungumzo na vijana wanaosomea uongozaji wa watalii, Mombasa

Assalaam alaykum, na hamjambo wanangu. Nawashukuru walimu wenu kwa kunikaribisha, nawashukuru na nyinyi kwa kujaa ukumbi siku ya joto kama hii.

Kabla sijasimama hapa, kijana mmoja wa safu ya mbele amenionyesha simu yake. Mlikuwa na picha ya Icon of the Seas, ile meli iliyoanza safari zake Miami Januari 2024. Urefu wake ni karibu mita 365, na ikijaa kabisa huchukua wageni wanaofika 7,600. Akaniuliza, "Mama, hii itakuja Mombasa lini?" Nikamwambia asubiri, jibu nitalitoa mbele ya wote. Nimeongoza wageni wanaoshuka melini miaka ishirini na sita, na swali hilo nimeulizwa na madereva, wauza vinyago, hata wakubwa wa ofisini. Kila mtu anangoja meli kubwa. Mimi leo nataka tuzungumze juu ya meli inayotufaa, kwa sababu hizo mbili mara nyingi haziwi meli moja.

Wengi wenu mkiulizwa kwa nini meli fulani haiingii bandari fulani, mtasema kina cha maji. Ni jibu la haraka, na kwa meli za mizigo mara nyingi ni la kweli. Lakini angalieni jina la bandari yetu. Kilindini, mahali penye kilindi, maji marefu. Wazee walilitoa jina hilo kwa kuyajua maji. Huko chini palikuwa bonde la mto zamani sana, bahari ikapanda ikalifunika, na maji matamu na tope la mto ndivyo vilivyozuia matumbawe yasizibe mlango. Meli za makontena zinaingia hapo zimezama mita nyingi kuliko meli ya kitalii. Ile Icon, kwa ukubwa wake wote, huzama mita tisa na kitu tu. Imebeba vitanda, mabwawa ya kuogelea, mikahawa na hewa. Hata zile tani zinazotajwa kwenye matangazo, laki mbili na arubaini na kitu, si uzito. Ni kipimo cha nafasi iliyomo ndani. Kwa hiyo kina pekee kisitudanganye.

Sasa nisikilizeni hapa vizuri. Marehemu baba yangu alikuwa nahodha wa jahazi, akipakia boriti Lamu na kuzishusha hapa Bandari ya Kale. Alikuwa akituambia kwamba upepo ukizidi, kazi ya kwanza ya nahodha ni kuteremsha foromali, ule mti unaobeba tanga, tanga lipungue, chombo kipumue. Ichukueni meli ya kitalii ya mita 300, simama ubavuni mwake utazame juu. Kutoka majini hadi sitaha ya juu ni kama mita 50. Zidisheni: mita za mraba 15,000 za ukuta unaopigwa na upepo. Hilo ni tanga. Na ni tanga lisiloteremka, maana ni vyumba vya watu. Halafu upepo una hesabu yake: kasi yake ikiwa mara mbili, nguvu yake juu ya ukuta huo huwa mara nne. Meli ya mafuta iliyojaa, yenye urefu uleule, imejikalia ndani ya maji, upepo haupati pa kuishika. Hii ya kitalii upepo unaisukuma kama boksi tupu.

Ndiyo maana rubani, yule anayemwongoza nahodha kuingia bandarini, anapopanda meli ya kitalii nje ya mlango, macho yake yako kwenye bendera kabla ya kitu kingine. (Na neno rubani, wanangu, kabla halijapanda ndege, lilikuwa la baharini. Ni letu watu wa pwani.) Meli za sasa zina rafadha za ubavuni zinazoisukuma omo, yaani mbele ya meli, kushoto na kulia, na nyingi zina rafadha za tezini, yaani nyuma, zinazogeuka pande zote, hivyo siku ya shwari meli hujigeuza yenyewe bila tagi, zile boti za kuvuta meli. Ila mlango wetu haukunyooka. Unaingia, unapita mbele ya bustani ya Mama Ngina, unapinda, unapita katikati ya Likoni na kisiwa, pale feri zinapokatiza usiku na mchana. Feri husimama. Mmeshaona, abiria wenye matenga ya kuku na baiskeli wanatazama juu, na wageni kwenye roshani zao wanatazama chini, wanapungiana mikono. Wakati huo nahodha na rubani wanahesabu. Ndani ya bandari meli lazima ipate duara la kugeukia, pana kuliko urefu wake, walau mara moja na nusu. Meli ya mita 200 hugeuka kwa raha. Ya mita 300 huhitaji nafasi, tagi tayari na upepo mdogo. Ya mita 365 huanza kuomba bandari ibadilishwe kwa ajili yake.

Venice wanayajua haya kwa uchungu. Tarehe 2 Juni 2019 meli iitwayo MSC Opera ilipoteza udhibiti ndani ya mfereji wa Giudecca, ikaligonga gati na mashua ya watalii iliyokuwa imefungwa hapo, na watu wakaumia. Picha zake zilizunguka dunia nzima: watu wanakimbia gatini na ule ukuta mweupe unawajia polepole, honi inalia. Tangu Agosti 2021 serikali ya Italia ikazuia meli kubwa kupita mbele ya mji ule wa kale. Kigezo chao hawakukiweka kwenye kina. Walitaja tani za ujazo zaidi ya 25,000, urefu unaozidi mita 180, na kimo kinachozidi mita 35 juu ya maji. Mita 180 ni meli ndogo kwa leo.

Kimo nacho ni habari ya peke yake, kwa sababu ya madaraja. Sydney ina gati la abiria mbele ya daraja lao maarufu na jingine nyuma yake. Meli ndefu kwenda juu hubaki mbele, fupi hupita chini zikafunge ndani. Mwaka 2009 Oasis of the Seas ilipotoka Finland ilikotengenezwa, ilibidi ipite chini ya daraja la Great Belt kule Denmark. Iliyashusha mabomba yake ya moshi ikapita na nafasi isiyofika mita moja. Na upana: kwa miaka mingi milango ya zamani ya mfereji wa Panama ilikubali meli za upana wa mita 32 na kitu, urefu mita 294, kwa hiyo wajenzi wakatengeneza meli kwa kipimo hicho hasa, hata ukizitazama leo utadhani zimekatwa kwa mkasi mmoja. Oktoba 2019 meli Braemar, yenye upana wa mita 22.5, ilipita mfereji wa Corinth kule Ugiriki, ambao pahali pembamba una mita 24. Abiria walikaribia kuushika mwamba kwa mkono. Nahodha wake apewe heshima yake.

Haya ndiyo ya meli kufika. Yaliyo karibu na moyo wangu ni ya mgeni kushuka.

Kuna bandari ambazo meli hufunga amari, kamba zake nene, gatini, wageni wakateremka ngazi wakatembea. Na kuna zile ambazo meli hukaa nje, wageni wakaletwa kwa mashua. Kwenye karatasi za ratiba zote mbili zinaandikwa bandari. Fanyeni hesabu nami. Meli ina wageni 2,000. Mashua nne, kila moja inachukua watu 100, na safari ya kwenda, kushusha na kurudi ni dakika arubaini. Kwa saa moja umeshusha watu 600. Wote kufika nchi kavu ni zaidi ya saa tatu, na kurudi ni zaidi ya saa tatu nyingine. Meli ikikaa saa nane, mgeni wa mwisho akishashuka, saa moja na kitu tu baadaye foleni ya kurudi inaanza. Ndiyo sababu meli kubwa mno mara nyingi huzipita bandari za mashua. Kule Visiwa vya Cayman hakuna gati la meli hizo. Mwaka 2025 wananchi waliulizwa kwa kura kama lijengwe, wakakataa. Walijua maana yake: baadhi ya meli kubwa hazitakuja. Wakachagua hivyo na bahari yao ikabaki walivyoitaka.

Santorini, Ugiriki, ni kisa kingine. Pale katikati ya kisiwa ni shimo la volkano lililojaa maji, na maji ni marefu mno hata nanga haina pa kushika vizuri. Kwa hiyo kina kikizidi nacho ni tatizo! Meli zinaelea, mashua zinapeleka watu chini ya jabali, na kutoka pale ni gari la kamba, au nyumbu, au ngazi karibu 600. Na miamba ipo kandokando: Aprili 2007 meli Sea Diamond iligonga mwamba humo humo, ikazama siku iliyofuata. Kisiwa kimeweka kikomo cha abiria 8,000 wa meli kwa siku. Ukilifikiria gari la kamba na foleni yake utaelewa kikomo kinatoka wapi: mlango mwembamba kuliko yote ndio unaoamua, hata kama bahari ingepokea meli kumi.

Kwetu sisi huo mlango mwembamba mara nyingi ni maji kupwa. Hili halimo kwenye vitabu vya utalii vinavyoandikwa Ulaya, na hasa kwenye Mediterania ambako maji hayapandi wala hayashuki kwa kiasi cha mtu kuangalia. Hapa kwetu siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi, bahari hushuka karibu mita nne. Na bamvua ina saa zake: kwenye pwani yetu maji hujaa kama saa kumi, hupwa kama saa nne. Sasa meli imefika saa moja asubuhi, wageni wanaanza kushuka saa mbili. Maji yanakimbia. Saa nne, wakati ambapo wangekuwa wengi pwani, ndipo bahari imekauka kabisa.

Nilikuwa Kilwa siku moja ya namna hiyo. Meli ilikuwa ndogo, wageni hawakufika mia, meli nzuri yenye mashua za mpira na mabaharia waliofunzwa. Lakini wakala aliyepanga ratiba alikuwa ameinakili kutoka safari ya wiki ya nyuma, siku za maji mafu, ambapo bahari hupanda na kushuka kidogo tu, bila kufungua jedwali la maji. Tulipofika Kisiwani mashua zilikwama mbali. Kulikuwa na mama mmoja wa makamo ya nyanya yenu, na fimbo, viatu ameshavivua. Nilimshika mkono wa kushoto, kijana wa kijijini akamshika wa kulia, tukaenda naye hatua kwa hatua. Maji ya magotini, chini majani ya bahari yanateleza, na mimi namwambia, weka mguu hapa, sasa hapa, pole, pole. Hatua mia mbili na zaidi. Alipofika mchangani aligeuka akaitazama bahari tuliyotoka, akanishika bega, hakusema kitu. Kisha akatembea akauona msikiti mkuu na kuba zake na akakaa ndani yake kimya muda mrefu. Lakini wenzake kumi na wawili hawakushuka. Walibaki kwenye mashua na jua, wakaona ukuta wa ngome ya kale iitwayo Gereza kwa mbali. Wametoka upande wa pili wa dunia. Nilisikitika na ninasikitika hadi leo, maana tungesogeza saa tatu tu mbele, wote wangeshuka mguu mkavu.

Kwa hiyo meli ileile na bandari ileile zilifaana wiki ya kwanza, zikakosana ya pili. Andikeni hilo.

Unguja ina bahati yake. Ukuta wa Mji Mkongwe unatazama magharibi, na pepo zetu kuu mbili, kusi na kaskazi, zote zina asili ya mashariki. Kisiwa chenyewe kinauzuia upepo. Majahazi yaliegesha hapo karne nyingi kwa sababu hiyo, na meli ya kitalii ikitia nanga mbele ya Forodhani leo inakula matunda ya hekima hiyohiyo. Meli ndogo hufunga gati la Malindi, na mgeni akitoka langoni dakika chache yuko vichochoroni. Meli kubwa mara nyingi hukaa nje na kuleta wageni kwa mashua. Lamu nayo imejificha nyuma ya Manda, tulivu, ila mikondo yake ni myembamba na mafungu ya mchanga ni mengi. Meli ya wageni mia moja Lamu ni baraka: wanatawanyika, mmoja yuko kwa fundi wa milango, mwingine anakunywa kahawa, punda wanapita. Leteni elfu mbili kwa mkupuo mmoja kwenye zile njia, na punda hawapiti, wala mwenyeji hapiti.

Mombasa ni mwili mwingine. Sisi tuna kilindi, gati namba 1 lenye jengo la abiria, uwanja wa ndege wa Moi, hospitali, maji, mafuta, soko la mboga. Hizo ni sifa za bandari ya kuanzia na kumalizia safari, ambako mgeni hufika kwa ndege na masanduku yake, akalala usiku mmoja, akapanda meli. Na meli nayo hupakia vyakula vya wiki nzima. Bandari ya kupitia tu haihitaji hayo. Inahitaji kitu kizuri karibu na ngazi. Na hapo tuseme ukweli: ukitoka gati namba 1 kwa miguu unakutana na malori. Fort Jesus, iliyoanza kujengwa 1593, iko upande wa pili wa kisiwa. Tsavo Mashariki langoni ni kiasi cha kilomita 100. Shimba Hills ni karibu zaidi, na barabara ya Dongo Kundu sasa inatuepusha na foleni ya feri. Kwa meli inayokaa saa nane na wageni 500, ninaweza kuwagawa Tsavo, Shimba na mjini, kila gari na muongozaji anayejua jina la kila mgeni. Nikipewa 3,000, magari ya kutosha yenye hali nzuri ningeyatoa wapi kwa asubuhi moja? Na Swahili Pot, kile kituo cha sanaa cha vijana, na Bandari ya Kale, na wale wachongaji wa Akamba, wangeona mkupuo wa saa mbili, kisha siku kumi kavu.

Ndiyo maana nasema meli yetu ni ya wastani, mita 180 mpaka 240 hivi, inayoweza kulala usiku mmoja gatini. Hiyo hugeuka kwenye bandari yetu bila kusimamisha feri muda mrefu. Hiyo huenda Unguja, ikatia nanga bila kuumeza mji. Na msimu wake ni kaskazi, Novemba hadi Machi, wakati ambapo Ulaya ni baridi na meli zinatafuta jua, nasi bahari yetu imetulia. Kusi ikianza kuvuma meli hizo zimesharudi Mediterania na Alaska, na sisi tunatengeneza yaliyoharibika. Meli ndogo za uvumbuzi, za watu mia hadi mia mbili, hizo ziwe za Lamu, Kilwa, Mafia, na jedwali la maji liwe la kwanza mezani.

Najua kuna watakaosema ninapunguza ndoto. Mimi nilikuwepo wakati meli zilipotukimbia. Novemba 2005 maharamia waliishambulia Seabourn Spirit karibu na Somalia. Aprili 2009 wakaishambulia MSC Melody kaskazini ya Ushelisheli. Miaka iliyofuata gati lilikuwa tupu, madereva wakauza magari. Ninajua njaa ya meli ni nini. Na kwa kuwa ninaijua, sitaki tuvunje matumbawe na kuchimba bahari kwa ajili ya meli itakayotuweka kwenye ratiba misimu miwili, kisha ihamie kwingine. Matumbawe yakishavunjwa hayahamii kurudi. Juneau, Alaska, wanaopokea wageni wengi kuliko tunavyoweza kuwaza, tangu 2024 wamejiwekea meli kubwa tano kwa siku, basi. Hawakuona haya kusema sisi tunatosha na tano.

Kijana wa safu ya mbele, jibu lako ndilo hilo. Kesho alfajiri kuna meli inaingia, si kubwa. Nimewaomba walimu, wamekubali. Tukutane Mama Ngina saa kumi na mbili kasoro, mje na daftari na jedwali la maji la mwezi huu. Angalieni boti ya rubani inapoifuata meli nje, angalieni bendera inaelekea wapi, hesabuni tagi ni ngapi na dakika ngapi feri imesimama. Kisha tutateremka gatini mnisaidie kupokea. Kuna wageni wanne wa viti vya magurudumu kwenye orodha yangu, na saa tatu maji yatakuwa yameshuka, ngazi itakuwa na mteremko mwingine kabisa.